Mia Mbili ya Saa Nne

Kengele ya saa nne asubuhi ikilia katika shule za msingi za Mtawanya, wilayani Kibiti, watoto wengi hawakimbilii uwanjani. Hukimbilia kwa wauzaji. Chini ya mwembe, nje kidogo ya eneo la shule, kina mama wamekwisha kupanga mabeseni yao: mihogo ya kukaanga, bagia, kachori, embe bichi zilizochanjwa na kunyunyiziwa chumvi na pilipili, ubuyu uliokolezwa rangi nyekundu, barafu za kijani na za zambarau. Hatua chache kutoka hapo kuna kibanda cha mbao, na dirishani mwake pakiti za biskuti na krispi zimetundikwa mithili ya shanga. Mtoto ameshika sarafu. Siku nyingi ni mia mbili, siku mbaya ni mia, na siku baba aliyouza korosho ni mia tano.

Ununuzi wenyewe hauchukui dakika mbili. Hakuna mama wa kumwambia amalize mboga kwanza, hakuna bibi wa kumkodolea macho, na mwalimu yuko ofisini anakunywa chai. Katika siku nzima ya mtoto wa shule, hicho ndicho chakula pekee anachokichagua, anachokilipia na kukila akiwa mtu huru. Wazazi hubishana juu ya wali na ugali wa usiku, kumbe ladha ya mtoto inajengwa saa nne.

Nchi yenye vyakula vyake

Mtawanya ni kata ya wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, eneo lililohesabiwa kwa vizazi kuwa sehemu ya Rufiji kabla Kibiti haijawa wilaya katikati ya miaka ya 2010. Ukiitazama ramani kwa jicho la mpishi, ni vigumu kuamini kwamba mtoto wa huku anahitaji pakiti. Upande wa bahari kuna delta ya Mto Rufiji, yenye msitu wa mikoko wa takriban hekta 50,000, mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki. Mizizi ya mikoko hiyo ni kitalu cha samaki, kaa na kamba. Upande wa bara, mto umeacha maziwa madogo kama Ruwe, Zumbi na Utunge, yenye perege na kambale. Ardhi ya juu ina mikorosho, minazi, miembe, michungwa na mihogo. Bondeni ni mpunga. Porini kuna mabungo na ukwaju.

Warufiji wana desturi inayoeleza vizuri jinsi watoto walivyokuwa wakila. Msimu wa mpunga ukifika, familia huhamia shambani na kuishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini na wanyama wasifike. Watoto huamia ndege tangu alfajiri. Huko hakuna duka. Mtoto akisikia njaa hula kilichopo: boga la kuchemsha, mahindi mabichi ya kuchoma, kunde, samaki aliyenaswa kwenye dimbwi lililoachwa na mafuriko. Hakuna aliyeita chakula hicho lishe bora, kwa sababu hakikuwa na mshindani.

Mshindani alikuja kwa barabara. Kibiti iko kwenye njia kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, na tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, magari hayangoji tena kivuko. Lori linaloshusha katoni za biskuti na soda asubuhi hupishana na gari linalopakia kamba na samaki waliolazwa kwenye barafu, safari ya Dar es Salaam. Kamba ana bei, na mvuvi mwenye ada za shule na bati la kuezeka hawezi kulaumiwa kwa kumuuza. Lakini hesabu ya mwisho wa siku ni hii: protini imepanda gari, sukari imeshuka.

Hilo halimaanishi kwamba zamani kulikuwa na neema tupu. Chakula cha dungu kilikuwa cha msimu, na msimu ukikataa watu walichimba ndiga, kiazi cha porini chenye sumu kinacholiwa baada ya kulowekwa na kukaushwa kwa siku kadhaa. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozamisha mashamba ya Kibiti na Rufiji yaliwakumbusha hata vijana jinsi ghala linavyoweza kuondoka usiku mmoja. Tena wali kwa mchuzi mwepesi, siku nenda siku rudi, hujaza tumbo bila kuujenga mwili.

Takwimu za taifa zinaonyesha upungufu na ziada vikiishi nyumba moja. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hayo ni maendeleo, maana mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa karibu nusu. Utafiti huohuo ulikuta asilimia 36 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mama amenenepa, mwana amedumaa, na wote wawili wamekula chungu kimoja. Mwaka 2025 UNICEF ilitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia wamewapita wenye uzito pungufu: asilimia 9.4 dhidi ya 9.2. Afrika Kusini mwa Sahara bado haijafika huko. Ina nafasi ya kuona gari likija.

Sukari kwa kijiko

Tuseme siku ya mia tano mtoto anaongezewa kidogo, anapata soda. Chupa ya mililita 300 ya soda ya kawaida ina sukari ya gramu 30 na ushei, yaani vijiko vya chai kama vinane. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtoto wa miaka saba au minane, asilimia 10 ni gramu 35 hadi 40 hivi. Chupa moja karibu inamaliza fungu la siku nzima, kabla hajaonja chai ya jioni ambayo nayo ina vijiko vyake vitatu.

Biskuti na juisi ya unga zina hila nyingine. Tumbo la mtoto ni dogo. Akilijaza vitu vitamu saa nne, saa nane anarudi nyumbani, anauangalia ugali na matembele, anasema ameshiba. Mama anadhani mtoto hapendi mboga. Anachokosa mtoto huyo ni njaa, aliyokwisha kuiuza kwa mia mbili.

Ulimi hufundishwa

Watu wazima husema mtoto fulani "kachagua" kana kwamba amezaliwa na orodha ya vyakula. Uchunguzi wa miaka arobaini na zaidi unaonyesha vingine. Mtoto huzaliwa akipenda utamu na akiogopa uchungu, basi. Mengine yote hufundishwa, na somo linaanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2001 mtafiti Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio dogo lenye ujumbe mkubwa. Baadhi ya wajawazito walikunywa juisi ya karoti katika miezi ya mwisho, wengine waliinywa wakinyonyesha, wengine walikunywa maji tu. Watoto walipoanza kula, walipewa uji wenye ladha ya karoti. Wale walioonja karoti tumboni au kwenye maziwa ya mama waliupokea bila kukunja uso kama wenzao. Mjamzito wa Mtawanya anayekula kisamvu cha nazi, basi, ameanza kumlisha mwanawe kisamvu.

Somo la pili ni subira. Leann Birch, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia maisha yake kuchunguza namna watoto wanavyokula, na wengine waliomfuata, waliona kwamba chakula kigeni huweza kuhitaji kuonjwa mara nane hadi kumi na tano ndipo mtoto akizoee. Mzazi wa kawaida hukata tamaa mara ya tatu. Mlenda uliotemwa Jumatatu ukiletwa tena Alhamisi, kijiko kimoja tu na bila kelele, bado una nafasi. Kinachohesabika ni kuonja, si kumaliza sahani.

Somo la tatu linawauma wengi, kwa sababu linagusa silaha ya kila nyumba: "Maliza mchicha, nikupe biskuti." Mwaka 1984 Birch na wenzake waliwapa watoto kinywaji cha maziwa ambacho hawakuwa wakikijua. Baadhi yao waliahidiwa zawadi wakikinywa. Walikunywa, wakapata zawadi, na baadaye wakakipenda kidogo kuliko mwanzo. Mtoto ana akili za biashara. Anajua kitu unacholipwa ili ukile lazima kina kasoro, na kile unacholipwa nacho ndicho chenye thamani. Kila biskuti inayotolewa kama tuzo inapandisha bei ya biskuti na kuushusha mchicha.

Nao wenye viwanda wanajua jambo jingine: mtoto hula kwa macho. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watoto 63 wa miaka mitatu hadi mitano vyakula vilevile katika karatasi mbili, moja tupu, nyingine yenye alama ya McDonald's. Watoto walisema vya karatasi yenye alama ni vitamu zaidi. Mpaka karoti, ambazo mkahawa huo haukuwa ukiziuza, zilionekana tamu zikikaa juu ya alama. Chile ilijibu hila hiyo kwa sheria. Tangu Juni 2016 vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta mengi vinabandikwa alama nyeusi ya pembe nane, haviruhusiwi kupambwa kwa katuni, na haviuzwi shuleni. Embe la Mtawanya halina katuni wala pakiti inayong'aa. Linamtegemea bibi wa kulisifia.

Sinia na sahani

Nyumba nyingi za Pwani bado zinakula pamoja, watoto wakizunguka sinia moja. Desturi hiyo ni shule ya ulaji isiyo na ada. Mdogo humwona kaka yake akimega ugali, akichovya kwenye kunde, akikubali pilipili, naye anaiga. Hakuna hotuba inayomshinda kaka mkubwa.

Ila sinia lina udhaifu wake, na wahudumu wa afya wanaowapima watoto wanaujua: mkono mwepesi ndio unaopata samaki. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akila sinia moja na wa miaka tisa, huondoka na wali mweupe. Ndiyo sababu kina mama hushauriwa kliniki wamtengee mdogo sahani yake, mnofu wake ukiwa umechambuliwa miiba, hata kama anakaa palepale mkekani na wenzake. Na pale ambapo kipande kikubwa cha kitoweo huwekewa baba kwa heshima, baba anayekimega mbele ya watoto na kuwagawia anafundisha kuliko kalenda ya ukutani yenye picha za makundi ya vyakula.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliigawa kazi ya kula kwa namna inayoondoa ugomvi. Mzazi huamua chakula gani, saa ngapi na wapi. Mtoto huamua kama atakula, na kiasi gani. Mzazi hapiki chungu cha pili kwa sababu mtoto amenuna, wala hamshikilii kidevu. Mlo ukiisha, umeisha, na kibanda cha mbao si jibu la aliyegoma. Kanuni hiyo inahitaji kitu kimoja: saa za kula zijulikane. Nyumba ambayo chakula cha mchana huiva siku nyingine saa saba, siku nyingine saa kumi, huwapeleka watoto dukani yenyewe.

Kuna pia suala la heshima. Mgeni akiingia, mtoto hutumwa soda. Harusi, maulidi na sikukuu ya Idi havikamiliki bila kreti, na watoto hupita nyumba kwa nyumba wakipewa pesa za sikukuu na kuzimaliza kwa pipi. Hakuna haja ya kupigana na Idi. Utamu wa sikukuu una siku yake, watoto wanaijua, wanaihesabia mfungo mzima. Taabu inaanza Jumanne ya kawaida inapovalishwa nguo za Idi: soda kwa kuwa mtoto amelia, krispi kwa kuwa mama amechelewa kurudi, pipi kwa kuwa shangazi kapita.

Shule inapopika

Nyumba ikijitahidi namna gani, saa nne inabaki nje ya mamlaka yake. Hapo ndipo shule inapoingia.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, milango ilifunguka na madarasa yakafurika. Michango ya lazima ikaondolewa, na katika shule nyingi nchini sufuria ya uji ikaondoka nayo, kwa kuwa wazazi walielewa kwamba hata chakula sasa ni bure na shule hazikuwa na fungu la kukinunua. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 serikali ilitoa mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi, unaowarudisha wazazi, kamati za shule na serikali za vijiji kwenye meza moja. Palipo na makubaliano, magunia ya mahindi na maharage hukusanywa wakati wa mavuno, kabla pesa hazijatoka mkononi. Uji wa saa nne ukiwepo, biashara ya pakiti hupungua bila mtu kufukuzwa.

Nairobi imeifanyia sarafu yenyewe maarifa. Shirika la Food4Education, lililoanzishwa na Wawira Njiru huko Ruiru mwaka 2012, huwavisha watoto bangili ya kielektroniki. Mzazi hutia pesa kwa simu, na mtoto huigusisha bangili kwenye kifaa cha mhudumu, akapewa sahani ya moto. Katika mpango wa Dishi na County ulioanza jijini humo mwaka 2023, mzazi hulipa shilingi 5 za Kenya kwa mlo, kiasi kisichofika hata mia mbili ya Tanzania, na gharama iliyobaki hubebwa na kaunti na washirika wake. Bangili haiwezi kununua biskuti. Brazil nayo, kwa sheria ya mwaka 2009, iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule inunue mazao ya wakulima wadogo. Mpunga, kunde na samaki wakavu wa bonde la Rufiji wangeingia vizuri katika sheria ya namna hiyo.

Wala Tanzania haihitaji kuazima kila kitu. Mwaka 1975, miaka miwili baada ya kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima nchi nzima walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio kusikiliza na kujadili kampeni ya Chakula ni Uhai. Kuanzia mwaka 1983, vijiji 168 vya mkoa wa Iringa viliwapima watoto wao kila baada ya miezi mitatu, vikasoma matokeo hadharani na kuamua vyenyewe la kufanya. Utapiamlo mkali ukashuka kwa zaidi ya nusu. Rufiji yenyewe ina historia kama hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa moja ya wilaya mbili, pamoja na Morogoro Vijijini, ambazo mradi wa TEHIP ulizisaidia kupanga bajeti ya afya kwa kufuata kinachowaua watoto kweli, na ndani ya miaka mitano vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Leo Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila robo mwaka, utepe wa kupimia lishe ukizungushwa mkononi mwa mtoto na rangi yake kusomwa. Mtoto wa darasa la tatu mwenye mia mbili mkononi, hata hivyo, amepita umri wa utepe. Hakuna anayempima.

Beseni la mama

Muuzaji wa chini ya mwembe mara nyingi ni mama wa mmoja wa wanafunzi, na beseni hilo ndilo linalonunua daftari. Kumfukuza ni kumhamishia kona ya pili, ambako mwalimu hamwoni. Kukaa naye ni rahisi zaidi. Mihogo haina kosa. Kosa liko kwenye mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi. Mihogo ya kuchemsha yenye tui la nazi, karanga za kukaanga, ndizi mbivu, machungwa yaliyomenywa, juisi ya bungo isiyotiwa rangi, vyote vinaingia ndani ya mia mbili. Yai la kuchemsha huenda likahitaji mia tano, na ni mia tano bora kuliko nyingine zote.

Kalenda ya matunda pia iko upande wake. Katikati ya mwaka kuna machungwa, Desemba kuna embe, na kati ya hapo, korosho zinapookotwa, kuna mabibo. Bibo lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, halina bei, na kila msimu maelfu kwa maelfu huoza chini ya mikorosho baada ya korosho kunyofolewa.

Watoto wanayapenda mno. Wanaoyakataa ni mama zao. Maji ya bibo yakidondokea shati jeupe la shule huacha doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni wala kwa jua, na shati ni moja. Kwa hiyo asubuhi, mtoto akipita chini ya mkorosho kwenda shule, huonywa asiguse kitu, kisha hutiwa mia mbili kiganjani. Wajanja wamekwisha kupata njia yao: saa nane wakirudi, hulivua shati kwanza, wakalitundika kwenye tawi la mbali, ndipo wakainama chini ya mti, vifua wazi, maji ya bibo yakiwachuruzika mpaka viwikoni.